Miguu ya Yesu na Mlango wa Watawa: Vitabu vya Kumjulisha Msomaji Wachoraji wa Zama za Mwamko

Makala haya yametokana na swali la mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, na tumeonelea ni vyema tulilete mbele ya wasomaji wa jarida letu kwa sababu lilitushinda kulijibu papo hapo. Katika zoezi la utungaji wa maelezo tuliwaagiza wanafunzi wachague picha yoyote iliyochorwa kwa mkono, wasome walau kitabu kimoja kinachoizungumzia, kisha waieleze kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja. Mwanafunzi huyu, ambaye kwao ni Mutakura, alichagua Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci. Sababu yake ilikuwa wazi: picha hiyo imetundikwa ukutani katika mkahawa mdogo wa mama yake, naye ameitazama tangu utoto.

Picha hiyo haihitaji kutambulishwa kwa mkazi wa Mutakura, wala wa Kamenge au Ngagara. Imo katika kalenda, imo katika vitambaa vya kutundika vyenye nyuzi zinazong'aa, imo katika fremu za plastiki zinazouzwa pamoja na saa za ukutani. Hata hivyo, wengi wanaoitazama kila siku hawajawahi kuelezwa kwamba ilichorwa na mtu, juu ya ukuta, kwa malipo, katika mji unaojulikana.

Binti akaazima kitabu cha Kifaransa, kimojawapo cha vile vitabu vyembamba vyenye picha nyingi vinavyowajulisha wasomaji wapya wachoraji wa Italia. Baada ya wiki moja alirudi na malalamiko. "Mwalimu, kitabu hiki kina kasoro," alisema. "Wameikata picha. Miguu ya Yesu haimo." Tuliweka kitabu mezani pamoja na kalenda aliyotoka nayo nyumbani, tukalinganisha. Ilikuwa kweli. Katika kalenda miguu ya Yesu inaonekana chini ya meza. Katika kitabu, mahali pa miguu pana umbo la tao, kama sehemu ya juu ya mlango iliyopanda hadi kwenye kitambaa cha meza. Maelezo ya kitabu yalijaza kurasa mbili juu ya fikra za Leonardo, juu ya mistari inayokutana, juu ya mwanga na giza, lakini hayakuwa na neno hata moja kuhusu tao lile.

Sisi nasi hatukujua. Tulikwenda kutafuta, na tulichokipata tunakieleza hapa kwa kirefu kidogo, kwani ndicho kilichotufanya tuvisome upya vitabu hivi.

Picha ya Leonardo iko Milano, katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie. Ilichorwa kati ya mwaka 1495 na 1498 hivi kwa amri ya mtawala wa mji, Ludovico Sforza. Ina urefu wa mita 4.6 kwenda juu na upana wa karibu mita 8.8, yaani imetanda ukuta mzima wa upande mmoja. Desturi ya mafundi wa Italia ilikuwa kupaka rangi juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Lipu ikikauka huishika rangi na kuitunza kwa karne nyingi, ila njia hiyo humlazimu fundi kumaliza kipande cha siku kabla lipu haijakauka. Leonardo hakuwa mtu wa haraka. Alichagua kupaka rangi zilizochanganywa kwa yai na mafuta juu ya ukuta mkavu, ili aweze kurudia na kusahihisha apendavyo. Matokeo yake rangi ilianza kubanduka angali hai. Mwaka 1652 watawa, ambao bila shaka walikwisha kuzoea kuiona ikififia, walitoboa mlango katika ukuta uleule, na miguu ya Yesu ikaenda na matofali. Mwezi wa Agosti 1943 bomu lilibomoa sehemu kubwa ya ukumbi; ukuta wa picha ulisalimika kwa kuwa ulikuwa umekingwa kwa magunia ya mchanga. Kazi ya mwisho ya kuisafisha na kuitengeneza, iliyoongozwa na Pinin Brambilla Barcilon, ilichukua zaidi ya miaka 20 na kukamilika mwaka 1999.

Na miguu ya kwenye kalenda imetoka wapi? Imetoka katika nakala. Mnamo mwaka 1520 hivi mfuasi wa Leonardo aitwaye Giampietrino aliinakili picha yote kwa ukubwa unaokaribia ule wa asili, miguu ikiwemo, na nakala hiyo iliwasaidia hata mafundi waliotengeneza picha ya Milano. Kalenda za namna ile hufuata nakala za zamani. Kwa hiyo, kwa jambo hili moja, ukuta wa mkahawa wa Mutakura ulikuwa na habari kamili zaidi kuliko kitabu kilichopigwa chapa Paris.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukivipima vitabu vya aina hii kwa kipimo kimoja: je, kingemjibu binti yule? Kipimo chenyewe si kikali. Hakidai kitabu kiseme kila kitu. Kinadai tu mwandishi akumbuke kwamba msomaji ana macho, na kwamba picha ni kitu kilichotengenezwa, kikaharibika, kikanakiliwa, kikasafiri.

Baba wa vitabu vyote hivi ni Giorgio Vasari, mchoraji na mjenzi aliyefanya kazi Firenze chini ya ukoo wa Medici. Kitabu chake cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wajenzi kilitoka mwaka 1550, na kwa mara ya pili, kikiwa kimepanuliwa, mwaka 1568. Mwalimu wa fasihi simulizi akikifungua atajisikia yuko nyumbani. Humo Giotto ni mchungaji mdogo anayechora kondoo juu ya jiwe, hadi Cimabue anapopita njiani na kumchukua kuwa mwanagenzi wake. Humo mkuu wa watawa wa Milano anamshitaki Leonardo kwa mtawala kwamba anakaa akiitazama kazi badala ya kuifanya, na Leonardo anajibu kwamba bado anatafuta uso wa Yuda, na asipoupata, uso wa mkuu huyo utafaa. Wanafunzi wetu walicheka sana waliposimuliewa kisa hiki, na mmoja akauliza kama Leonardo alikuwa na undugu na Abunuwasi.

Swali hilo ni la kihakiki kuliko alivyodhani mwulizaji. Vasari alikuwa na umri wa miaka 7 Leonardo alipofariki mwaka 1519. Visa vyake vingi ni hekaya: mtoto wa ajabu, fundi mjanja, tajiri aliyeaibishwa. Vina thamani yake kama hekaya, jinsi visa vya Fumo Liyongo vilivyo na thamani yake. Kosa ni la vitabu vya baadaye vinavyovichukua na kuvipanga kama taarifa za polisi, bila kumwambia msomaji ni nani aliyesimulia na alitaka nini. Vasari alitaka kitu. Alitaka fundi wa rangi aheshimiwe kama mshairi na mwanazuoni, na alitaka historia yote ya sanaa ionekane kama ngazi inayopanda kutoka kwa Giotto hadi kwa Michelangelo. Hata ile habari ya sanaa kufa na kuzaliwa upya, iliyoleta jina Renaissance, inatoka katika hadithi hiyo.

Hapa walimu wa lugha tunakutana na kazi yetu. Tuite nini kwa Kiswahili? Kuzaliwa upya ni neno la walokole, na mwanafunzi akilisikia atafikiri habari ya wokovu. Ufufuko una Pasaka ndani yake. Renesansi ni kuandika sauti tu, na halimwelezi kitu msomaji asiyejua Kifaransa. Katika makala haya tumeandika Zama za Mwamko, lakini kwa shingo upande, kwa sababu aliyeamka sharti alikuwa amelala, na anayetangaza kuamka kwake huwa anadai pia kwamba majirani bado wanakoroma. Neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla mjadala haujaanza. Vitabu vya utangulizi tulivyovisoma hulitumia kama jina la kawaida, mfano wa Jumatatu au Jumanne.

Kitabu cha pili tunachotaka kukizungumzia ni cha Ernst Gombrich, The Story of Art, kilichotoka mwaka 1950 na ambacho wanafunzi wetu hukisoma kwa tafsiri ya Kifaransa. Tukiri mapema kwamba tunakipenda. Gombrich alikiandika akiwafikiria vijana, kwa sentensi za kawaida, na alijiwekea sharti la kuzungumzia kazi ambazo picha zake zimo kitabuni, ili msomaji aweze kumsahihisha kwa macho yake mwenyewe. Sharti hilo lingefaa kuwekwa katika mwongozo wa kila mwandishi wa vitabu vya kiada. Anapofika kwa Karamu ya Mwisho anaonyesha ukumbi wenyewe, na kutufanya tuwaone watawa wakila kwenye meza zao huku meza ya Yesu ikiwa kama nyongeza ya meza zile. Binti wetu angefungua ukurasa huo angeona kwamba ni ukuta, na kwamba chini yake pana mlango. Nusu ya jibu angeipata.

Ila Gombrich huyohuyo anatusikitisha mahali pengine. Kichwa cha mtawala wa Ife, kazi ya shaba ya ustadi mkubwa, kimewekwa katika sura ya kwanza kabisa, pamoja na michoro ya mapangoni na watu aliowaita wa kale na wa mwanzo. Kwa tarehe za kitabu chenyewe, karne ya 12 hadi ya 14, wafua shaba wa Ife wanakaribiana na Giotto, aliyekuwa akipaka rangi Padova mnamo mwaka 1305. Mtu wa zama za Giotto amewekwa jirani na mtu wa pangoni, na mwanafunzi anayesoma kurasa kwa mfululizo anaondoka akiamini kwamba Afrika ilikuja kabla ya historia, kisha ikatoka ukumbini. Tumesahihisha insha zenye imani hiyo. Zimeandikwa kwa Kiswahili fasaha.

Wala hatuhitaji kwenda Ife ili kulisahihisha jambo hili. Leonardo akiwa anakamilisha kazi yake Milano, Aprili 1498, Vasco da Gama alikuwa Mombasa na Malindi. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo ilisimamishwa Firenze mwaka 1504. Mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida zilishambulia Kilwa na Mombasa. Vasari alichapisha mwaka 1550; miaka miwili baadaye, 1552, João de Barros alichapisha Lisbon habari za wafalme wa Kilwa kutokana na tarikhi ya mji huo. Tarehe hizi hufundishwa katika madarasa mawili tofauti, na mwanafunzi hajui kwamba ni dunia moja. Ukurasa mmoja tu wenye tarehe hizo sambamba ungelifanya jina la Leonardo liache kuelea hewani.

Hali kadhalika, Waafrika walikuwamo ndani ya picha zenyewe. Mwaka 1521, huko Antwerp, Albrecht Dürer alimchora mwanamke Mwafrika aliyekuwa katika nyumba ya wakala wa Wareno. Aliandika kwenye karatasi jina lake, Katharina, na umri wake, miaka 20. Ameinamisha macho, kichwa kimefunikwa kwa kitambaa. Mwaka 2012 jumba la Walters la Baltimore lilifanya maonyesho yaliyohusu Waafrika katika Ulaya ya wakati huo, pamoja na kitabu chake. Lakini vitabu vidogo vya utangulizi bado hupita pembeni ya Katharina, ingawa picha yake ni mojawapo ya zile zinazomsimamisha msomaji bila kuhitaji maelezo mengi.

Kitabu cha tatu ni kigumu zaidi, na ndicho tunachodhani kinatufaa kuliko vyote. Ni cha Michael Baxandall, kilichotoka mwaka 1972, juu ya uchoraji na maisha katika Italia ya karne ya 15. Baxandall haanzi na kipaji. Anaanza na mkataba. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alikubaliana na mkuu wa nyumba ya watoto yatima ya Firenze kuchora Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Mkataba unataja muda wa kumaliza, malipo ya florini 115, na aina ya buluu itakayotumika: ile ya bei ya florini nne hivi kwa wakia. Buluu hiyo ilisagwa kutokana na jiwe lililochimbwa Badakhshan, katika Afghanistani ya leo. Mama anayempa fundi seremala kazi ya kabati hapa Mutakura huuliza mambo yayo hayo: mbao gani, siku ngapi, nusu sasa na nusu baadaye. Baxandall anaonyesha pia kwamba mfanyabiashara aliyezoea kukadiria ujazo wa pipa kwa macho alileta macho hayohayo mbele ya picha. Kitabu hiki kina kasoro ya kudhani kwamba msomaji amekwisha kusoma vingine vitano kabla yake, na kurasa zake juu ya mahubiri na densi zilimchosha kila mwanafunzi tuliyempa. Tunakubali lawama hiyo. Lakini ndicho kilichotufundisha neno la kuanzia.

Neno lenyewe ni fundi. Vitabu vya Kifaransa na Kiingereza huanza na msanii, na Kiswahili cha leo kimelichosha neno hilo. Kwa kijana wa Bujumbura msanii ni mwimbaji. Na tulipokuwa masomoni Dar es Salaam tuliwasikia vijana wakisema "huo ni usanii" wakiwa na maana ya ulaghai. Ukimwambia mwanafunzi kwamba Leonardo alikuwa msanii, hujui ameelewa nini. Ukimwambia kwamba alikuwa mwanagenzi katika karakana ya fundi Verrocchio, na kwamba wachoraji wa Firenze walikuwa katika chama kimoja na matabibu na wauza dawa, kwa kuwa rangi zilinunuliwa kwa wauza dawa, anaelewa mara moja, na anaelewa sawasawa. Vasari alitumia maisha yake kuwaondoa wenzake kwenye jina la fundi. Tungependa kuwarudisha, bila kuwapunguzia heshima, kwa sababu katika Kiswahili fundi hana cha kuonea haya.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba haya si kazi ya idara ya Kiswahili, na kwamba lugha yetu haina istilahi zake. Wa kwanza tunawakumbusha kwamba Mwalimu Nyerere aliipa Kiswahili Italia ya zama hizo mwaka 1969, alipotoa Mabepari wa Venisi, na hakuna aliyelalamika. Wa pili tunawaalika wasome daftari la binti yetu. Kitabu chake cha Kifaransa kilisema habari ya nukta ambapo mistari hutoweka. Yeye aliandika kwamba dari na kuta za pembeni huchorwa kwa mistari ambayo, ukiifuata yote, hukutana mahali pamoja, kwenye panja la kulia la Yesu. Kwamba mahali hapo limeonekana tundu la msumari. Na kwamba huenda fundi alifunga uzi pale ili mistari isipotee, kama mwashi anavyofunga uzi anapopanga matofali. Hakuna istilahi hata moja katika maelezo hayo, na hakuna kilichokosekana. Tena viashiria vyetu vilimsaidia: jicho linatoka hapa mezani, linapita pale dirishani, linaishia kule milimani. Kuhusu wote kuketi upande mmoja wa meza, jambo ambalo vitabu hulieleza kwa aya nzima, aliandika kwa maneno machache kwamba wameketi kama meza kuu ya harusi.

Kitabu tunachokitamani, basi, kingekuwa chembamba, cha Kiswahili, chenye picha kumi tu au kumi na mbili. Tungetaka Karamu ya Mwisho ichapishwe mara mbili, ukuta wa Milano na nakala ya Giampietrino, zikitazamana. Na tungetaka ya tatu iwe karibu nazo. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, alichora kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a, nchini Kenya, lililojengwa kwa ajili ya Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Alichora kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa, watu wakiwa Waafrika na nchi ikiwa ya Wakikuyu. Naye pia alikuwa na ukuta, na watu waliotoka katika vita, na swali lilelile la nani aketi wapi. Vitabu vinavyomtaja Leonardo havimtaji Njau, na vile vichache vinavyomtaja Njau huanza na Makerere kana kwamba alikuwa hajawahi kuona kalenda.

Binti alipata alama nzuri, ingawa tulimkata kidogo kwa tahajia. Alimsomea mama yake ukurasa ule mkahawani, chini ya picha yenyewe, akamweleza jinsi watawa walivyotoboa ukuta na kupoteza miguu kwa ajili ya mlango. Alitueleza kwamba mama aliitazama picha kwa muda, akauliza kama mlango ule ulikuwa wa kwenda jikoni. Alipoambiwa kwamba husemwa hivyo, akasema, "Basi walau chakula kilifika kikiwa cha moto."